Tuna gari la Noah na watoto wanne: tununue tela la kulala?

Barua

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Nina mume na watoto wanne, wa kwanza ana miaka 14, wa mwisho ana mitatu. Mama mkwe wangu tunaishi naye na magoti yanamsumbua. Mume wangu anafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, mimi nauza vitenge na mashuka.

Tangu tulipohamia hapa tumekuwa tukiwaahidi watoto kwamba tutawatembeza. Wamesoma shuleni habari za michoro ya mapangoni Kondoa, wamesikia hifadhi ya Ruaha, wamesikia bwawa la Mtera, lakini hawajafika hata mahali pamoja. Mwaka jana tulijaribu kwenda Babati. Sisi watu saba tulihitaji vyumba vitatu vya gesti, bado chakula cha hotelini asubuhi na jioni. Usiku wa pili tukageuza gari kwa sababu hela ilikuwa imekwisha. Mkubwa alilia njiani akijificha wenzake wasimwone.

Baada ya hapo baba watoto akaanza kutafuta tela la kulala, lile lenye vitanda ndani, ambalo unalivuta kwa gari, ukifika unalala humo na unapika humo. Amelipata Dar. Ni la mgeni mmoja aliyekuwa kwenye mradi na sasa anarudi kwao Ulaya. Lina vitanda vinne, jiko la gesi, sinki, pazia zuri. Bei milioni 11, dalali anasema ya mwisho ni milioni 10 na nusu. Akiba yetu yote, pamoja na mgawo wangu wa kikundi, ni milioni 13. Dalali anataka kishika uchumba cha milioni moja kabla ya Jumamosi, anadai kuna mtu mwingine analifuatilia.

Gari letu ni Toyota Noah, ile ya petroli ya cc 2000, otomatiki. Nilimuuliza dalali kama Noah italiweza. Akasema Noah inavuta tu, fundi atachomelea chuma nyuma kwa nusu siku. Nilimwomba picha ya kibao kilichopo mlangoni, kimeandikwa kilo 1080 na chini yake 1300.

Mjomba, sijui ni woga wangu wa kike au kuna jambo. Sitaki kumvunja moyo mume wangu, maana anayafanya haya kwa ajili ya watoto. Alikulia kijijini, hakuwahi kupelekwa popote na marehemu baba yake, na tela hili analiongelea kila siku. Lakini kila nikifikiria sisi saba ndani ya ile Noah na nyumba nzima nyuma yetu, usingizi unakatika. Je, tununue? Na kama si hili, tela la kwanza la familia ya kipato chetu linachaguliwaje?

Mama wa Wanne, Nkuhungu

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kwanza futa hilo neno "woga wa kike". Ulichofanya, kuomba picha ya kibao cha uzito, hata madereva wazoefu wengi hawakifanyi, na kibao hicho ndicho kinachonipa jibu.

Jibu langu ni hapana. Msitoe kishika uchumba, si Jumamosi hii wala ijayo. Tela hilo si bovu kwa kuwa ni tela, wala ndoto ya mumeo si mbaya. Ila tela huchaguliwa na gari litakalolivuta na barabara litakayopita. Vitanda na pazia vinakuja baadaye kabisa. Gari lenu na safari mnazozitaka havikubali tela hili.

Tuchukue kibao. Kilo 1,080 ni uzito wa tela likiwa tupu. Kilo 1,300 ni uzito wa juu kabisa ambao aliyelitengeneza anauruhusu, likiwa na kila kitu ndani. Ukitoa, unabaki na kilo 220 za mizigo yenu yote. Sasa pakia. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, na kwa watu saba huko Kolo, kwenye michoro ya Kondoa, madumu manne si anasa. Mtungi wa gesi wa kilo 15 ukijumlisha na chuma chake unafika kama kilo 30. Betri ya taa na pampu, kama kilo 25. Hapo tayari ni kilo 135, na hujaweka godoro, blanketi, sufuria, unga, mchele, viti, nguo za watu saba wala ndoo ya kufulia nguo za huyo wa miaka mitatu. Zimebaki kilo 85. Mtazizidisha kabla hamjatoka getini, na tela lililozidishiwa uzito hupasua matairi na kuvunja ekseli.

Kuna hesabu nyingine ya upande wa gari, nayo ndiyo inayonitisha zaidi. Wajapani wanapoandika uzito wa juu wa gari la abiria huhesabu kilo 55 kwa kila kiti. Noah ya viti vinane, basi, imepewa kilo 440 za watu na mizigo. Ninyi watu wazima watatu na watoto wanne mnakaribia kilo 330. Tela nalo halivutwi tu, linalalia nyuma ya gari. Kwa tela la Ulaya sehemu inayolalia mahali pa kuunganishia huwa kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wake, yaani inaweza kufika kilo 90 kwa hili. Jumla 420. Mmebakiwa na kilo 20 kwa kila kilichomo ndani ya Noah, pamoja na mkoba wa bibi na tairi lolote la ziada. Nyuma ya gari ikikaa chini, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza nguvu, wakati huo una tani moja na zaidi inayokusukuma kutoka nyuma.

Dalali anaposema fundi atachomelea chuma kwa nusu siku, muulize atakichomelea wapi. Hilux au Land Cruiser ya kazi ina chesisi, reli mbili nene za chuma zinazopita chini ya gari, na chuma cha kuvutia kinafungwa humo kwa bolti. Noah haina reli hizo. Bodi yake ndiyo chesisi yake, na sakafu ya nyuma ni bati. Chuma kilichochomelewa kwenye bati kitashika siku ya kujaribu, kisha kitaanza kuchana taratibu kwa kila tuta. Neno la mwisho liko kwenye kitabu cha gari. Kama hakuna mahali kinapotaja kilo za kuvuta, chukua kwamba gari halikutengenezwa kuvuta. Mtu anaweza kuwaambia kuna kanuni ya Waingereza kwamba anayeanza avute tela lisilozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake, na kwa Noah ya kilo 1,500 na ushee hilo linakaribia kukubali. Kanuni hiyo ni kwa gari ambalo kiwanda kimeshalipa ruhusa ya kuvuta. Haimpi ruhusa aliyenyimwa.

Halafu fikiria njia mlizozitaja. Kwenda Iringa, ukishavuka Mtera unaanza kupanda Nyang'oro, kona juu ya kona. Giaboksi ya otomatiki inayovuta mzigo mlimani huchemsha mafuta yake, na mafuta yaliyoungua ndiyo mwisho wa giaboksi. Wakati wa kurudi unateremka mlima uleule. Hapo swali linakuwa breki za tela: je, zinafanya kazi? Matela mengi ya Ulaya ya uzito huu yana breki zinazojikamata zenyewe tela linapoisukuma gari, na zikikaa miaka bila kuhudumiwa hukwama au hufa kimyakimya. Kuelekea Kondoa lami ni nzuri, lakini kila kijiji kina matuta, na unajua yalivyo marefu matuta yetu. Tela la kulala la Ulaya limekaa chini, limejengwa kwa mbao nyembamba na bati la alumini kwa ajili ya barabara laini. Kwenye rafu rodi kabati hufunguka, skrubu hung'oka, na madirisha ya plastiki hupata nyufa. Ndani ya Ruaha njia ni za vumbi. Pale Kolo, kutoka barabara kuu kupanda kwenye mapango, njia ina mawe, na tela lingebaki chini kwa vyovyote.

Na hata kama haya yote yasingekuwepo, vitanda ni vinne, ninyi ni saba. Mtanunua tela kwa milioni 10 na nusu, kisha mtanunua na hema.

Niseme jambo moja kwa sauti kubwa, kwa sababu nimeona watu wanaolifanya: tela likiwa linatembea, hakuna binadamu ndani yake. Wala mtoto aliyesinzia, wala bibi anayetaka kunyoosha miguu kidogo. Halina mikanda, kuta zake ni kama za kasha, na dereva hajui kinachoendelea humo.

Tuje kwenye hela na makaratasi. Mmesema muuzaji ni mgeni wa mradi. Wageni wengi wa miradi na balozi huingiza vitu vyao kwa msamaha wa kodi. Msamaha ni wa mtu yule. Akimuuzia mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa: ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na vinginevyo, na wa kudaiwa anaweza kuwa wewe uliyeshika kadi. Kwa hiyo tela lolote la mgeni, kabla ya shilingi ya kwanza, omba kadi ya usajili ya tela lenyewe, maana tela lina kadi yake na namba yake tofauti na gari. Omba pia hati ya kuonyesha kodi ililipwa, na mwende nazo TRA mkaulize. Muuzaji mkweli hatakasirika. Dalali anayesema kuna mtu mwingine analifuatilia mwachie huyo mtu mwingine.

Na milioni mbili na nusu zinazobaki zisingetosha. Kuna kuhamisha umiliki, bima, chuma cha kuvutia, nyaya za taa, matairi mawili na la akiba, beringi, gari la kukodi la kulileta kutoka Dar kilomita kama 450, na mahali pa kuliegesha Nkuhungu ambapo jua na mchwa havitalimaliza. Mgawo wako wa kikundi ungeishia kwenye matengenezo ya kitu mnachokitumia wiki mbili kwa mwaka. Mwanangu, hiyo ni hela ya mtaji wako.

Sasa nikwambie ningefanya nini ningekuwa ninyi, na hapa ningependa mumeo asome pia.

Likizo ya Juni nendeni Kolo na mahema. Ni kilomita kama 180, lami mpaka hapo, Noah yenu inatosha bila kuvuta chochote. Michoro ile iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na ofisi inayoisimamia ipo palepale Kolo, huko ndiko mnakolipia na kupewa mwongozaji. Huyo wa miaka 14 aone kwa macho yake alichokisoma.

Hema nunueni mbili, msinunue moja kubwa. Hema linaloandikwa la watu wanne maana yake ni watu wanne waliobanana kama dagaa, kwa hiyo chukueni moja la watu sita, mlale ninyi wawili na wadogo, na moja la watu watatu kwa wakubwa. Ya mtumba si mabaya. Lisimamishe hapohapo kabla ya kulipa, vuta zipu zote mara kadhaa, angalia mishono, kisha ingia ndani, funga, uangalie juu mchana: mwanga unapopenya ndipo maji yatakapopenya. Nusa. Harufu ya uvundo haitoki hata ufue. Kama hamtaki kununua kabla hamjajua kama watoto wanapenda, ulizeni shule au kanisa lenye vijana wa skauti, mara nyingi wana mahema yamelala stoo.

Vijiti vya chuma vinavyokuja na hema havifai ardhi ya kwetu. Ni ngumu, vinapinda kama waya. Mpe fundi wa kuchomelea nondo ya milimita 8, akukatie vipande vya sentimita 30 na kukunja kichwa kila kimoja. Hivyo vitashika hata upepo wa Agosti. Magodoro ya kujaza upepo yaacheni dukani, miiba ya migunga itayamaliza usiku wa kwanza. Beba sponji nyembamba, chini tandika turubai, juu yake mkeka. Viatu vilale ndani ya hema, na asubuhi kila mtu akung'ute vyake kabla ya kuvaa, nge wapo.

Bibi asilale chini. Kuinuka kutoka sakafuni kwa mtu wa magoti ni adhabu. Kuna njia mbili: kitanda cha kukunja cha turubai ndani ya hema kubwa, urefu wa kiti, au mumchukulie chumba kimoja cha gesti Kondoa mjini alale na mjukuu mmoja, ninyi wengine mkalale kwenye mahema. Chumba kimoja badala ya vitatu. Babati iliwashinda kwa vyumba na chakula cha hoteli, na hapo vyote viwili vimepungua bila kumtesa mzee. Mwulizeni mwenyewe anataka lipi. Mara nyingine wazee tunaamuliwa.

Juni na Julai usiku wa huku una baridi. Dodoma mjini joto hushuka mpaka digrii 13 au 14, na Kondoa iko juu zaidi. Mtapikia mkaa, na mtatamani kuliingiza jiko ndani ya hema liwapashe watoto. Usifanye hivyo hata kwa dakika kumi, hata mlango ukiwa wazi. Mkaa unatoa hewa isiyo na harufu wala moshi, inayoua watu wakiwa usingizini. Ni hivyohivyo kwa tela la kulala, na jiko la gesi nalo si la kupashia chumba. Blanketi, soksi, kofia, chai ya tangawizi, na mbanane.

Mkienda Mtera, msisimamishe hema karibu na maji. Viboko hutoka usiku kuja kula majani, na mamba wapo. Popote pale msilale kwenye korongo la mchanga hata kama limekauka na linavutia kwa kuwa tambarare. Mvua inaweza kunyesha mbali na maji yakakufikia bila wingu hata moja juu yako. Hifadhini mtalipa kiingilio kwa shilingi kama Watanzania, mbali sana na wanachotozwa wageni, na walio chini ya miaka mitano hawalipi. Kupiga kambi kuna ada yake. Matunda na chakula visilale hemani, tembo wana pua.

Safari moja ya Juni na nyingine karibu na Nane Nane zitawaambia kama ninyi ni watu wa kambi. Kuna familia hugundua wanapenda. Nyingine hugundua walichokitaka ni kuondoka nyumbani tu, na gesti yenye jiko la kupikia inawatosha. Yote sawa, ila ni vema kulijua kwa gharama ya mahema mawili.

Mkishajua kwamba mnapenda, na mumeo bado anataka tela, sitamzuia. Ila lianzie na gari. Kama siku moja mtabadilisha Noah kwa gari lenye chesisi, Prado au Hilux ya milango minne kwa mfano, mnaanza na tela dogo la mizigo lenye mfuniko, ambalo mahema, sponji, madumu na jiko vinakaa humo mwaka mzima tayari kwa safari. Fundi mzuri wa hapa Dodoma analitengeneza. Mwambie lisizidi kilo 500 likiwa limejaa. Matairi yawe saizi ileile ya gari, ili tairi moja la akiba litumike kote. Mafundi wetu hupenda kuweka springi za pikapu kwa kuhofia mzigo. Mwambie azipunguze majani, yaani zile bamba zake, la sivyo mayai na taa zote zitafika zimevunjika. Ekseli ikae nyuma kidogo ya katikati, ili uzito zaidi uwe mbele, karibu sita kwa kumi. Mzigo ukiwa nyuma, tela hucheza mkia, na basi likikupita kwa kasi pale uwanda wa kwenda Singida, upepo wake utalifanya lianze kuyumba. Likiyumba, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala asipambane na usukani. Aachie mafuta, ashike usukani ukiwa umenyooka, na gari lipungue mwendo lenyewe. Minyororo ya usalama iwe miwili na ipishane chini ya mkono wa tela. Taa zote zifanye kazi. Kabla fundi hajawasha moto, mumeo aende kwa trafiki aulize daraja la leseni yake na TRA aulize usajili wa tela la kutengeneza nyumbani, asije akawa na tela zuri lisiloruhusiwa barabarani.

Na kama mtafika kwenye tela la kulala kweli, haya ndiyo ya kutazama. Usilinunue kiangazi kwa kuambiwa halivuji. Panda na ndoo za maji umwage kwenye maungio ya paa, kisha ingia ubonyeze kuta kwa kidole gumba, hasa kwenye pembe za juu na chini ya madirisha. Ukuta ukibonyea, mbao imeoza ndani, na hiyo haitengenezeki kwa hela ndogo. Kama limekaa Dar, lala chini na tochi, chumvi ya bahari hula chesisi kuanzia chini. Tairi lina namba nne pembeni, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Matairi ya tela huzeeka kwa jua kabla ya kwisha kashata, yaani meno yake, kwa hiyo yakiwa na zaidi ya miaka sita hesabu kununua mapya hata yakionekana mazuri. Zungusha gurudumu likiwa juu ya jeki, usikilize beringi, na uulize dukani kama saizi yake inapatikana hapa. La Marekani lina umeme wa volti 120, halikubali wetu wa 230. La Uingereza mlango wake uko kushoto, upande wa watembea kwa miguu, kama tunavyoendesha sisi. Mwisho, lipime. Maghala ya nafaka yana mizani ya magari, waombe, ulipie kidogo, uone uzito wa kweli ukoje na wa kwenye kibao ukoje.

Kuhusu kuzungumza na mumeo: usimwambie "Mjomba amekataa". Kaeni jioni watoto wakishalala, na karatasi, mfanye pamoja ile hesabu ya 1,300 kutoa 1,080. Aandike yeye. Mwanaume anayetaka kuwatoa watoto wake nje ya mji kwa sababu yeye hakutolewa ni wa kuheshimiwa, na mwambie hivyo kabla ya hesabu. Kisha mpe kazi ya nondo na mahema. Akampigie dalali simu mwenyewe kesho asubuhi, amshukuru, amwambie hawatachukua. Hela ya kikundi irudi kwenye vitenge, na mkubwa umwambie leo tarehe ya Kolo, ili aanze kuhesabu siku.